Kisulisuli Kinachovunjika na Mwali Usiozimika

Mtu awashaye kibiriti penye upepo huukinga mwali kwa viganja vya mikono yake. Lakini mtu huyo huyo, atakapo mkaa wake ushike haraka, huligeuza jiko ili mlango wake uelekee upepo unakotoka. Upepo ni ule ule. Hapa huua moto, pale huuhuisha. Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa mengi yatakayoelezwa hapa yanafanana nalo.

Katika mitambo ya gesi ya kufulia umeme, kama ile ya Ubungo na Kinyerezi jijini Dar es Salaam, hewa iliyokwisha kushindiliwa huingia penye mwako kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Kasi ya mita 33 kwa sekunde ni sawa na kilomita 120 hivi kwa saa, yaani upepo wenye kuezua mabati na kung'oa minazi. Mwali wa gesi asilia, kwa upande wake, husonga mbele katika mchanganyiko uliotulia kwa kasi isiyofikia nusu mita kwa sekunde. Ni kweli kwamba msukosuko wa hewa huongeza kasi hiyo mara kadhaa, lakini hata hivyo tofauti hubaki kubwa. Kwa hesabu hiyo mwali ungepaswa kupeperushwa na kuzimika mara tu uwashwapo. Haupeperushwi. Huwaka mahali pamoja usiku na mchana, kwa majuma na miezi, bila kiganja cha mtu yeyote kuukinga.

Kinachoulinda ni umbo la mwendo wa hewa yenyewe. Umbo hilo hutokana na tukio ambalo wataalamu waliliita kuvunjika kwa kisulisuli. Jina hilo ni la bahati mbaya, kwani hulifanya tukio lionekane kuwa ni hasara tupu. Aidha limeambatana na mazoea mengine mabaya zaidi: kudhani kwamba jambo zima linaweza kufupishwa katika tarakimu moja, ikakaririwa na wanafunzi na kuachwa hapo.

Hewa inayosokotwa

Kabla ya kufika penye moto, hewa hupitishwa katikati ya vibao vilivyoinamishwa na kupangwa mviringo, mfano wa mapanga ya feni isiyozunguka. Vibao hivyo huilazimisha hewa kuzunguka huku ikiendelea kwenda mbele, nayo hupata mwendo wa parafujo. Kila kizungukacho huelekea kukimbilia nje, na kwa sababu hiyo hewa huhama katikati, na kanieneo ya kitovu hupungua. Kadiri mzunguko unavyokuwa na nguvu, ndivyo kitovu kinavyozidi kuwa na kanieneo ndogo.

Mkondo huo utokapo katika mdomo mwembamba na kuingia katika chumba kipana, hutanuka. Unapotanuka, mzunguko wake hudhoofu, na kanieneo ya kitovu, iliyokuwa chini sana pale mdomoni, huanza kupanda hatua kwa hatua kuelekea mbele. Maji hayapandi mlima kwa hiari; hali kadhalika hewa haipendi kutoka penye kanieneo ndogo kwenda penye kanieneo kubwa. Hewa ya katikati hupunguza mwendo. Ikiwa msokoto ni hafifu, mambo huishia hapo. Ikiwa msokoto una nguvu ya kutosha, hewa hiyo husimama kabisa katika nukta moja, kisha hugeuka na kurudi ilikotoka, huku ile ya pembeni ikiendelea kusonga mbele na kuizunguka. Kisulisuli kilichokuwa chembamba na kunyooka kama kamba hufumuka ghafla na kuwa kiputo kipana, ambacho ndani yake gesi huzunguka na kurejea.

Hapo ndipo moto hupata makao. Gesi zinazorudi nyuma katikati ya kiputo ni zile zilizokwisha kuungua, nazo zina joto kali. Hufika mpaka kwenye shina la mwali na kuuwasha mchanganyiko mpya unaoingia, tena na tena, pasipo kukoma. Aidha, kati ya mkondo uendao mbele na ule urudio nyuma hapana budi pawe na mahali ambapo kasi ni ndogo, na hapo mwali unaweza kusimama bila kupeperushwa. Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Katika chumba cha mwako msemo huo una maana ya pili, kwani moto uliopita ndio unaouponya moto uliopo usizimike.

Njia nyingine ya kuushika mwali ni kuweka kipande cha chuma katikati ya mkondo, ili moto ujifiche nyuma yake kama mtu ajifichavyo upepo nyuma ya mbuyu. Njia hiyo hutumika, lakini chuma hicho hukaa jirani na moto na mwisho huliwa nao. Kiputo cha hewa hakiyeyuki wala hakichakai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya ABB ya Ulaya ilianza kutumia katika mitambo yake kichomeo chenye umbo la nusu mbili za pia, zilizosogezwa kidogo ili hewa ipenye kwa pembeni na kusokotwa. Ndani ya kichomeo hicho hamna kizuizi chochote cha chuma cha kuushika mwali. Kisulisuli huvunjika kifikapo mdomoni, na mwali husimama hapo hapo.

Jina lililotoka angani

Jina la kuvunjika lilitolewa na watu wa ndege. Mwaka 1957 Peckham na Atkinson, wakifanya majaribio katika handaki la upepo huko Farnborough, Uingereza, waliona kwamba visulisuli vinavyojisokota juu ya bawa lililochongoka mbele havidumu. Bawa likiinuliwa mno, hufumuka ghafla. Miaka michache baadaye, Lambourne na Bryer wa maabara ya taifa ya fizikia huko Teddington walipiga picha zilizopata sifa kubwa. Katika picha moja huonekana visulisuli viwili vya bawa moja, kimoja kimevunjika kwa umbo la kiputo na kingine kwa umbo la parafujo.

Kwa rubani tukio hilo ni baya. Visulisuli hivyo huongeza nguvu ya kuinua ndege, na vivunjikapo sehemu ya nguvu hiyo hupotea na ndege hutikisika. Ndege ya kivita ya Marekani aina ya F/A-18 iliwahi kupata tabu ya namna hiyo: visulisuli vilivunjika mbele ya mikia yake miwili, na msukosuko wake ukawa unaichosha mikia hiyo hata ikabidi kubandika vibao vidogo juu ya mabawa ili kupunguza madhara. Ni haki watu hao kuita jambo hilo kuvunjika. Lakini mhandisi wa tanuri, akiona kiputo kile kile, hufurahi, maana ndicho alichokuwa akikitafuta.

Funzo lake ni kwamba maumbile hayana kasoro wala fadhila. Mwanadamu ndiye anayezigawa kulingana na shughuli yake. Mwanafunzi anayefundishwa jambo hili katika somo la ndege peke yake hujifunza kulikimbia. Anayefundishwa katika somo la matanuri peke yake hujifunza kulitumia pasipo kuliogopa. Wote wawili wamefundishwa nusu.

Nadharia nyingi, tukio moja

Msomaji angedhani kwamba jambo lililojulikana tangu mwaka 1957 limekwisha kufasiriwa. Sivyo. Mwaka 1960 Squire alipendekeza kwamba kiini chake ni mawimbi yanayoweza kusimama mahali pamoja katika mkondo unaozunguka. Mwaka 1962 Brooke Benjamin alililinganisha na mruko wa maji. Mruko huo kila mtu anaweza kuuona: maji ya bomba yakianguka juu ya sakafu laini hutawanyika upesi yakiwa tandabui jembamba, kisha kwa ghafla huinuka na kufanya duara la maji mazito yaendayo polepole. Kwa maoni ya Benjamin, kisulisuli nacho kina hali mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, na kuvunjika ni kuruka kutoka hali moja kwenda nyingine. Ludwieg, kwa upande wake, aliona kuwa ni mtikisiko mdogo unaokua hadi kuuharibu mkondo wote. Hall alilifananisha na hewa inavyobanduka kwenye bawa.

Majaribio nayo hayakumpa ushindi mtu yeyote. Mwaka 1971 Sarpkaya alichapisha uchunguzi wa maji yaliyosokotwa katika bomba linalopanuka kidogo, akiyatia rangi ili yaonekane. Katika bomba hilo moja aliona kiputo, parafujo na maumbo mengine, kulingana na kasi na msokoto. Mwaka 1998 Billant, Chomaz na Huerre wa Ufaransa walionyesha kwamba mkondo wa maji unaotoka mdomoni huweza kuvunjika kwa umbo la kiputo au kwa umbo la pia lililo wazi, na maumbo hayo mawili huweza kutokea katika hali zilizo sawa. Wataalamu wameafikiana mengi juu ya sharti la kanieneo na juu ya nafasi ya mawimbi, lakini nadharia moja inayotosheleza kila umbo na kila chombo haijakubaliwa na wote.

Tarakimu isiyo sheria

Matanuri hayakungoja nadharia. Wachunguzi wa miali waliokusanyika katika kituo cha kimataifa huko IJmuiden, Uholanzi, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu, walipima vichomeo vingi na kutafuta kipimo kimoja cha kuvilinganisha. Kipimo hicho huitwa kipimo cha msokoto. Ni uwiano kati ya momenta ya mzunguko inayobebwa na mkondo na momenta ya kwenda mbele ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha mdomo. Beér na Chigier walikieleza kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1972, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimekariri kwamba kipimo hicho kikivuka 0.6 hivi, kiputo hutokea.

Tarakimu hiyo ina manufaa ya kukadiria. Ubaya huanza inapochukuliwa kuwa sheria. Mikondo miwili yenye kipimo sawa huweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa kipimo hujumlisha mkondo mzima wala hakisemi mzunguko umejikusanya katikati au pembeni. Chumba kikipanuka ghafla, kiputo hutokea mapema. Mdomo ukiwa mwembamba na mrefu, huchelewa. Zaidi ya hayo, moto wenyewe hubadilisha mambo. Gesi ikipata joto hutanuka na kuongeza kasi ya kwenda mbele, na mkondo uliovunjika vizuri katika majaribio ya hewa baridi huweza kuwa na tabia nyingine kabisa ukiwashwa. Mhandisi anayejua 0.6 peke yake ni kama nahodha anayejua urefu wa mlingoti bila kujua upepo.

Palipo na hatari

Zamani kosa la kiputo lilikuwa dogo, kwa kuwa gesi ilitiwa nyingi na mwali ulikuwa mkaidi. Siku hizi mambo yamebadilika kwa sababu ya usafi wa hewa. Gesi asilia ikiungua na hewa iliyotosha barabara, halijoto yake hufika karibu nyuzi 1,950 za Selsiasi. Juu ya nyuzi 1,500 hivi, nitrojeni ya hewa huanza kuungana na oksijeni kwa wingi unaoongezeka upesi sana, na oksidi zinazopatikana hudhuru mapafu na kuleta mvua ya asidi. Ili kuepa hayo, mitambo mingi hutumia mchanganyiko wenye gesi haba, uliochanganywa kabla ya kuwaka. Hewa hutoka safi zaidi, lakini mwali hukaa jirani na mpaka wa kuzimika. Mtambo ukishushwa chini ya uwezo wake, kama ifanyikavyo kila mahitaji ya umeme yanapopungua au mabwawa yanapojaa, mpaka huo husogea karibu zaidi.

Kuna hatari ya pili. Kitovu cha kisulisuli kilichovunjika aghalabu hakitulii. Huyumba na kuzunguka mhimili mara nyingi kwa sekunde, na kuutikisa mwali. Lord Rayleigh alikwisha kueleza mwaka 1878 kwamba joto likitolewa wakati kanieneo iko juu, sauti huzidishiwa nguvu. Mwali unaotikisika kwa mpigo unaolingana na mwangwi wa chumba chake hutoa ngurumo, na ngurumo hiyo huweza kupasua vyuma vya mtambo wenye thamani kubwa.

Hatari ya tatu ni moto kurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, Ujerumani, walieleza namna mwali wenyewe unavyoweza kukisukuma kiputo kipande mkondo kupitia kitovu cha kisulisuli, ukakifuata, ukaingia ndani ya kichomeo ambacho hakikuumbwa kustahimili moto. Jambo hili lina uzito wa pekee leo, wakati nchi nyingi zinafikiria kuchanganya hidrojeni na gesi asilia ili kupunguza hewa ya ukaa. Mwali wa hidrojeni katika hewa husonga kwa kasi inayopita mita 2 kwa sekunde, yaani mara kadhaa kuliko ule wa methani. Kichomeo kilicho salama kwa methani huenda kisiwe salama kwa mchanganyiko huo.

Kazi iliyo mbele

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya viwanda vinavyounda mitambo. Nchi inayonunua mtambo, watasema, huletewa pamoja nao mipaka ya matumizi, na fundi hana budi kuifuata. Wataongeza kwamba gesi ya Songo Songo, iliyovumbuliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, karibu yote ni methani, kama ilivyo gesi ya Mnazi Bay. Kwa hiyo mwali wake hauna vituko. Hoja hizo si za kupuuzwa. Hakuna mwenye busara atakayedai kwamba kila nchi iunde turbaini zake.

Hata hivyo, kufuata mipaka bila kujua sababu zake ni jambo moja, na kuifuata kwa kuelewa ni jingine. Mtambo hukaa miaka 25 au zaidi, na katika muda huo mengi hubadilika: vibao huchakaa, vichomeo hubadilishwa, mtambo uliokusudiwa kufanya kazi mfululizo hutakiwa kupandishwa na kushushwa kila siku. Siku moja muuzaji ataleta pendekezo la hidrojeni, au la kichomeo kipya kinachosifiwa kwa usafi wake. Mtu wa kumwuliza swali la kwanza lililo sahihi atatoka wapi? Mkataba unaweza kununua mashine na vipuri, hata huduma ya miaka mingi. Swali hauwezi kulinunua.

La kutia moyo ni kwamba somo hili ni miongoni mwa machache ya sayansi ya juu yasiyohitaji mali nyingi kuanzia. Vogel mwaka 1968, na Escudier mwaka 1984, walikichunguza kiputo ndani ya chombo cha mviringo kilichojazwa kimiminika, ambacho upande wake mmoja ulizungushwa kwa mota. Escudier alionyesha kwamba kwa kubadilisha kimo na kasi, huonekana kiputo kimoja, viwili au hata vitatu, vimepangana kwenye mhimili. Chombo kama hicho, au bomba angavu lenye vibao vya kusokotea maji na wino wa kuyaonyesha, kinaweza kutengenezwa katika karakana ya chuo chochote cha ufundi. Mwanafunzi akikaa mbele yake alasiri moja, akiongeza msokoto kidogo kidogo mpaka uzi wa wino ukome ghafla na kufumuka, hatasadiki tena kwamba 0.6 ni neno la mwisho.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanywe. Kwanza, vyuo vikuu na vyuo vya ufundi viweke jaribio hilo la maji katika masomo ya uhandisi, lifuatwe na kichomeo kidogo cha gesi ili wanafunzi waone tofauti kati ya mkondo baridi na mkondo unaowaka. Pili, mashirika yanayoendesha mitambo yahifadhi kumbukumbu za ngurumo, za kuzimika na za halijoto za vichomeo, na kuwaruhusu watafiti wa nchini kuzisoma. Kila mwaka upitao bila kumbukumbu hizo kuchambuliwa ni mwaka wa majaribio uliopotea, tena majaribio ambayo gharama yake imekwisha kulipwa. Tatu, mikataba mipya itaje wazi haki ya mnunuzi kupata takwimu za mwako, si namba za uwezo na bei tu.

Mwali ulio ndani ya mtambo hukingwa na kiputo cha hewa kisichoonekana kwa macho, na mipaka yake bado haijapimwa yote. Wanaoishi kwa umeme wake wanastahili kuwa na watu wao wenyewe wanaokifahamu kiputo hicho, kabla haijafika siku ya kuamua gesi gani itiwe ndani yake.